Kinda wa miaka 15 Nyanda za Juu Kusini: abaki shule, asaini timu ya Ligi Kuu, aende akademi ya bweni au asubiri nje?

Michuano ya UMISSETA, ile ya shule za sekondari, ikimalizika ngazi ya mkoa, iwe Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, huwa kuna vijana wawili watatu ambao majina yao yanafika mjini kabla yao wenyewe. Haipiti wiki mzazi anaanza kupigiwa simu. Timu ya Ligi Kuu inataka kijana asaini. Akademi ya Dar ina nafasi ya bweni. Mtu anayejiita wakala ana "njia" ya Ulaya. Na Novemba inakuja na mtihani wa kidato cha pili au cha nne.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa kocha wa mtaani atakayeombwa ushauri. Njia zote nne tunazipima kwa maswali matatu: kijana atapata dakika ngapi za mechi za ushindani, atacheza dhidi ya nani, na mambo yakiharibika atabaki na nini mkononi. Umri atakaochezea mechi yake ya kwanza ya wakubwa hatuuhesabu, ingawa ndio unaoandikwa zaidi magazetini.

Rekodi za umri zinaficha nini

Freddy Adu alizaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989 na kuhamia Marekani akiwa na miaka 8. Aprili 2004 aliichezea D.C. United ya ligi kuu ya Marekani (MLS) akiwa na miaka 14. Mshahara wake ulikuwa dola 500,000 kwa mwaka, mkubwa kuliko wa mchezaji mwingine yeyote wa ligi ile, na Nike walimpa mkataba wa dola milioni 1. Msimu huo alifunga mabao 5, mara nyingi akitokea benchi. Mwaka 2007 alikwenda Benfica, na kutoka hapo akatolewa kwa mkopo Monaco, Belenenses, Aris ya Ugiriki na Rizespor ya Uturuki. Kila alipokwenda alikuta kocha mwingine na ligi nyingine, na alianza upya kugombea namba. Rekodi yake ya kuwa mdogo kuliko wote waliowahi kucheza ligi hiyo ilidumu miaka 20, hadi Julai 2024, Cavan Sullivan wa Philadelphia Union alipoivunja kwa siku 13. Lakini jina kubwa la Adu lilikuwa limeshapungua miaka mingi kabla ya hapo.

Martin Ødegaard naye alikuwa gumzo la dunia. Alianza na Strømsgodset ya Norway akiwa na miaka 15, na Januari 2015 Real Madrid wakamsajili akiwa na 16. Huyu pia alitolewa kwa mkopo, tena si mara moja: Heerenveen, Vitesse, Real Sociedad, kisha Arsenal. Ukitazama juujuu utasema ni hadithi ileile ya Adu. Tofauti ni kwamba Heerenveen alikaa mwaka mmoja na nusu, Vitesse msimu mzima, Sociedad msimu mzima, na ligi ilipanda ugumu hatua kwa hatua huku yeye akicheza kama kiungo mshambuliaji anayeanza. Mkopo wa aina hiyo humjenga mchezaji. Mwaka 2022 akawa nahodha wa Arsenal.

Lamine Yamal aliichezea Barcelona Aprili 2023 akiwa na miaka 15 na siku 290, na Julai 2024 alitwaa Euro siku moja baada ya kufikisha miaka 17. Watu wanaotaka watoto wao wasaini haraka humtaja yeye. Wanachosahau ni kwamba alikuwa kwenye akademi ya klabu hiyohiyo tangu 2014. Ni takriban miaka tisa ya mazoezi yenye mtiririko mmoja, timu moja, falsafa moja. Ansu Fati alitoka akademi hiyohiyo na kuanza akiwa na 16. Novemba 2020 akaumia goti, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na Septemba 2021, akiwa bado anarudi kutoka kwenye majeraha, akavishwa jezi namba 10 aliyoiacha Messi. Hajawahi kuwa tena mchezaji yule wa mwanzo.

Sasa turudi kwetu. Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, alipitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011 na kukaa karibu miaka mitano. Alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 akiwa mfungaji bora, kisha Januari 2016 akaenda Genk akiwa na miaka 23. Ligi Kuu ya Uingereza alifika Januari 2020, na Aston Villa, akiwa na 27. Hakuna rekodi ya umri hata moja katika orodha hiyo. Kelvin John, nyota wa Serengeti Boys (timu ya taifa ya U17) aliyebatizwa jina la Mbappe akiwa bado kijana mdogo, alipitia shule ya soka na masomo Uingereza na kusaini Genk Juni 2021, alipofikisha miaka 18. Alihitaji miaka kadhaa ya kupigania dakika Ubelgiji kabla ya kuhamia AaB ya Denmark mwaka 2024. Jina la Mbappe halikumfungulia namba. Alilazimika kuitafuta kama wengine wote.

Kinachowatenganisha waliofika na waliopotea ni misimu mitatu hadi mitano iliyofuata baada ya kujulikana: walicheza wapi, mara ngapi, na nani aliwapangia hatua inayofuata.

Njia nne kwa haraka

| Njia | Dakika za mechi | Shule | Kinachoharibika mara nyingi |
|---|---|---|---|
| Shule na timu ya karibu | Nyingi | Inaendelea | Wapinzani wepesi, ndondo (mechi za mtaani) kupita kiasi |
| Timu ya Ligi Kuu ya hapa | Chache kikosi cha kwanza, wastani U20 | Hutegemea mkataba | Benchi, kushuka daraja, mishahara kuchelewa |
| Akademi ya bweni | Nyingi na zenye mpangilio | Hutegemea akademi | Kuachwa bila taarifa, upweke |
| Nje ya nchi | Hakuna uhakika | Huvunjika | Sheria ya miaka 18, utapeli |

Kubaki shule na timu ya karibu

Kwa kijana wa miaka 13 hadi 15 hii ndiyo njia tunayoiunga mkono bila kusita, kwa sharti moja: timu iwe imesajiliwa na chama cha soka cha wilaya au mkoa, na kijana awe na usajili wake kwa jina kamili na tarehe sahihi ya kuzaliwa. Sababu ya sharti hilo ni ya pesa, na tutaifikia.

Faida kubwa ni dakika. Kijana anaanza kila mechi, anagusa mpira mara nyingi, anakosea na kurudia. Wiki nzuri kwa umri huu ni mazoezi matatu ya dakika 75 hadi 90, mechi moja, na siku mbili bila mpira kabisa. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa michezo ni rahisi kukumbuka: saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Wa miaka 14 asivuke saa 14, na humo hesabu pia mazoezi ya shule, mechi za kata na ndondo.

Ndondo ndiyo inayoua vipaji vingi kimyakimya. Kijana akishajulikana anakodiwa: Jumamosi mtaa huu, Jumapili mtaa ule, na nauli na soda mkononi. Mechi tatu ndani ya siku nne kwenye uwanja mgumu, dhidi ya watu wazima wasio na refa wa maana, huleta maumivu ya goti yasiyoisha. Kati ya Juni na Oktoba, viwanja vyetu vikiwa vimekauka na kuwa kama sakafu, mtoto anayekua kwa kasi hupata maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, kwenye ule uvimbe wa mfupa wa mbele, au kwenye kisigino. Haya si ya kufungia bandeji na kuendelea. Punguza kuruka na kupiga mashuti, pumzisha wiki mbili hadi nne, kisha rudi taratibu. Akiendelea kuchezeshwa na dawa ya maumivu, tatizo la wiki tatu huwa la mwaka mzima.

Mpime urefu kila baada ya miezi mitatu: ukutani, bila viatu, asubuhi, na uandike tarehe. Wavulana wengi huwa na kasi kubwa zaidi ya kukua wakiwa na miaka 13 hadi 15. Akiongezeka zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, yuko kwenye kipindi cha hatari. Miguu inarefuka kabla misuli haijazoea, na mtoto aliyekuwa mwepesi anaonekana ghafla mzito na mzembe wa kugusa mpira. Makocha wengi humwacha hapohapo, wakidhani kipaji kimeisha. Mpe miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya kumhukumu.

Upande wa pili wa jambo hilo ndio unaozalisha sifa za uongo. Mvulana aliyebalehe mapema, mwenye misuli ya miaka 17 akiwa na 14, anawapita wenzake kwa nguvu na kufunga mabao manne kwa mechi. Anaitwa nyota. Miaka mitatu baadaye wenzake wanamfikia, na yeye hajajifunza kugeuka, kupokea mpira akiwa amebanwa au kuangalia bega kabla mpira haujafika. Kocha mwenye nia njema atamhamishia katikati ya uwanja, atampa mazoezi ya kugusa mara mbili tu, na mara moja kwa wiki atamchezesha na wakubwa wake kwa mwaka mmoja au miwili. Hapo utaona kipaji cha kweli kiko kwenye miguu au kwenye mabega.

Kabla ya kila zoezi ni vema kutumia ile programu ya FIFA ya kupasha mwili moto iitwayo 11+. Ina mazoezi 15, huchukua dakika 20, na haihitaji vifaa. Utafiti wa nchi kadhaa umeonyesha kwamba ikifanywa mara mbili au tatu kwa wiki bila kukosa hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja au zaidi. Timu nyingi huku bado zinapasha moto kwa kuzunguka uwanja mara tano na kunyoosha miguu tu.

Chakula hakihitaji dawa za dukani. Mbeya na Njombe zina viazi, maharage, parachichi, maziwa, mayai na ndizi za Tukuyu. Tatizo la kawaida ni mpangilio: kijana anakula uji saa moja asubuhi, anakaa shule na kikombe cha chai, anaingia mazoezini saa kumi akiwa mtupu. Apate mlo wenye wanga saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi, na kila usiku apate usingizi wa jumla ya saa nane hadi kumi.

Kusaini timu ya Ligi Kuu ya hapa

Mbeya imekuwa na historia nzuri ya ligi. Tanzania Prisons ni timu ya Magereza yenye mizizi mirefu. Mbeya City ilianzishwa 2011 chini ya halmashauri ya jiji, ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kumaliza nafasi ya tatu ikiwa na wachezaji wengi wasio na majina makubwa. Kutoka pale Deus Kaseke alikwenda Yanga. Kwa hiyo mlango upo. Kijana anaweza kuonekana akiwa uwanja wa Sokoine, Mbeya, bila kukanyaga Dar.

Lakini angalia jinsi timu za ukanda huu zinavyopanda na kushuka. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 na kufungwa na Azam 1-0. Msimu wa 2019/20 ikashuka. Mbeya City ilishuka 2023 na kurudi msimu wa 2025/26. KenGold ya Chunya ilipanda 2024/25 na kushuka msimu huohuo. Ihefu ya Mbarali, iliyoivunjia Yanga mbio za mechi 49 bila kufungwa Novemba 2022, imehama na kuwa Singida Black Stars. Mkataba wa miaka mitatu wa kijana wako unaweza kuishi muda mrefu kuliko uwepo wa timu kwenye daraja lile, au hata kwenye mji ule.

Hili linaathiri dakika moja kwa moja. Kocha anayepigana asishuke daraja hamwingizi mtoto wa miaka 16 mechi ikiwa 0-0 dakika ya 70. Anamwingiza mkongwe. Kijana anafanya mazoezi na wakubwa wiki nzima, Jumamosi anakaa jukwaani, na mwaka unaisha akiwa na dakika 40. Akiwa mtaani angecheza mechi 30. Picha ya kusaini inawafurahisha ndugu, lakini mwaka mmoja bila mechi katika umri wa miaka 16 ni hasara ambayo ni vigumu kuilipa.

Kwa hiyo usiulize "mtamsajili?" Uliza haya, na utake majibu ndani ya mkataba:

Atasajiliwa kikosi cha U20 na atacheza ligi ya vijana, au jina lake linakaa tu kwenye kikosi cha kwanza? Timu ya U20 ina kocha wake mwenye leseni, uwanja wake wa mazoezi na ratiba iliyoandikwa? Asipofikisha idadi fulani ya mechi hadi dirisha dogo la usajili, atatolewa kwa mkopo kwenye madaraja ya chini, Championship au First League? Timu ikishuka daraja, mkataba unaendelea kwa masharti gani? Akiumia mazoezini nani analipa hospitali, na hadi lini? Ana ruhusa ya kukaa mitihani ya Novemba bila kukatwa posho?

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kitaaluma unaozidi miaka mitatu. Ukiona karatasi ya miaka mitano kwa mtoto wa 16, rudisha. Mzazi au mlezi asaini naye, na nakala yenye mhuri ibaki nyumbani. Mshahara ukipitiliza miezi miwili bila kulipwa, mchezaji ana haki ya kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Ikishindwa kulipa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Barua hiyo iwe kwa maandishi na iwe na ushahidi kwamba imepokelewa. Malalamiko ya mdomo kwa katibu wa timu hayahesabiki popote.

Tunaona njia hii inafaa kuanzia miaka 17, baada ya kidato cha nne, kwa kijana ambaye tayari anaanza mechi za U20 na kuzimudu. Kabla ya hapo, afanye nao mazoezi mara moja kwa wiki kama mgeni, bila kusaini.

Akademi ya bweni

Azam wana akademi Chamazi iliyotoa wachezaji wa timu ya taifa, akiwamo Novatus Miroshi aliyefika hadi klabu za Israeli, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Mwanza kuna Alliance, inayounganisha shule na soka mahali pamoja. Akademi nzuri humpa kijana mambo mawili ambayo timu ya mtaani haiwezi: makocha wengi kwa siku moja, na wenzake walio bora kuliko yeye. Kijana aliyekuwa mfalme Uyole au Ipogolo anakutana na wafalme ishirini.

Kabla ya kumpeleka, nenda mwenyewe. Tazama bweni, choo, jiko, na nani analala na watoto usiku. Waulize wanafunzi wakiwa peke yao wanakula nini Jumatano. Uliza watoto wangapi waliachwa mwaka uliopita na walirudishwaje nyumbani: akademi nyingi huwaacha vijana mwisho wa mwaka, jambo la kawaida, lakini anayeachwa Desemba bila uhamisho wa shule ulioandaliwa hupoteza mwaka wa masomo. Uhamisho wa kwenda na wa kurudi uwe umezungumzwa kabla hajapanda basi.

Kuna suala la hali ya hewa ambalo huwaangusha vijana wetu bila sababu. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hewa ni baridi na nyepesi, na mpira unaruka mbali zaidi. Dar kuna joto na unyevu. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea: kutoka jasho mapema, kunywa maji zaidi, kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kijana anayeshuka basi la Mbeya alfajiri, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800, na kuingia majaribio saa tatu asubuhi hapimwi kipaji, anapimwa uchovu. Kama hakuna ndugu wa kumpokea wiki moja kabla, angalau afike siku tatu mapema, na wiki mbili za mwisho nyumbani afanye mazoezi saa saba mchana badala ya jioni.

Majaribio ya kweli huchukua siku tatu au zaidi, yana angalau mechi moja ya 11 kwa 11, na kocha anaandika. Majaribio ya saa moja yenye watoto 200 na kiingilio cha kulipa ni biashara ya viingilio. Akifika, acheze nafasi anayoijua. Winga anayekubali kuwekwa beki wa kushoto kwa heshima anapoteza nafasi yake, amwambie kocha kwa adabu, "Shikamoo kocha, mimi nacheza namba saba."

Nje ya nchi

Hapa jibu ni fupi kuliko watu wanavyotaka. Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache: wazazi kuhama kwa sababu zisizohusiana na soka, wakazi wa mpakani, uhamisho ndani ya Ulaya kwa wenye miaka 16 hadi 18, wanafunzi kwa masharti maalumu, na wakimbizi. Mtoto wa Mbozi au Mufindi hayumo katika nyingi ya hizo. Hata Sullivan, ambaye makubaliano yake na Manchester City yameshafanyika, anasubiri miaka 18.

Kwa hiyo mtu anayeahidi kumpeleka kijana wa 16 "kusaini" Ulaya ama hajui kanuni ama anategemea wewe usizijue. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha ya mawakala kwenye tovuti ya FIFA. Kwa mtoto, anatakiwa kuwa na ridhaa ya maandishi ya mlezi, na haruhusiwi hata kumkaribia mchezaji mapema zaidi ya miezi sita kabla ya umri ambao nchi yake inaruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kitaaluma. Wakala haombi nauli, pesa ya viza wala "ada ya faili" kutoka kwa mzazi. Akiomba pasi ya kusafiria ya mtoto aishike yeye, mazungumzo yaishe.

Njia ya nje inayofanya kazi ni ya Samatta: kukomaa kwenye ligi ya Afrika yenye mechi ngumu, kisha kuondoka akiwa mtu mzima aliye tayari kucheza.

Umri, karatasi na pesa za baadaye

Kushusha umri kunaonekana kama msaada mdogo kwa kijana. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za U17 wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ilipoteza nafasi yake. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U17, kuangalia kama mfupa umeshafunga, na CAF nao hutumia kipimo hicho. Jina na tarehe za kijana pia ziko kwenye kumbukumbu za shule ya msingi na mitihani ya NECTA. Kijana mwenye tarehe mbili hukwama hata pale alipokuwa na haki kamili.

Pesa ndiyo sababu ya kusisitiza usajili tangu akiwa na miaka 12. Mchezaji anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Timu ya Iringa iliyomsajili kijana kwa misimu minne, tangu 12 hadi 15, inastahili asilimia 1: akiuzwa euro 1,000,000, ni euro 10,000. Kwa timu ya mtaani hiyo ni mipira, jezi na uwanja. Kuna pia fidia ya mafunzo, inayodaiwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kitaaluma na kwenye uhamisho wa kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 23. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA, ambayo husoma historia ya usajili kwenye mfumo. Timu isiyosajiliwa haimo kwenye historia hiyo, hata kama mtaa mzima unajua ndiyo iliyomlea.

Hapa ndipo barua ya kumwachia mchezaji inapokuwa hatari. Klabu inayomtaka kijana, au wakala wake, huleta karatasi fupi kwa katibu wa timu ya mtaani isemayo timu "imemwachia na haina madai yoyote." Anasaini kwa moyo mweupe, akidhani anamsaidia mtoto. Neno hilo la madai linaweza kuondoa fidia yote. Barua iseme tu kwamba mchezaji anaruhusiwa kuhama, itaje misimu aliyosajiliwa kuanzia tarehe hadi tarehe, na iishie hapo. Nakala moja ibaki timuni, moja kwa mzazi, moja chama cha soka cha wilaya, zote zikiwa na mhuri wa siku hiyohiyo.